Kwihara, simba wa Livingstone na profesa wa maumivu

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima kimya, msinipige mawe. Kulikuwa na majaribio, halafu bumu likachelewa, halafu likaja likaisha, mnajua wenyewe. Leo nina muda na nina jambo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka arudi jioni na chai yake.

Chanzo ni semina ya historia. Tulikuwa tunajadili biashara ya misafara ya karne ya 19, ile barabara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Mimi kama mtoto wa Tabora nilikaa mbele kabisa siku hiyo, kifua mbele. Nikaeleza jinsi wapagazi wa Kinyamwezi walivyobeba frasila mbili begani, yaani kilo 30 na ushei, zaidi ya kilomita 800 kwa mguu, na mtu hajajihesabia posho yake, sufuria yake wala kirago chake cha kulalia. Hapo jamaa mmoja (simtaji, ni mshkaji na isitoshe ananidai elfu tano) akadakia: "Lakini wale walikuwa wamezoea bwana. Watu wa zamani hawakusikia maumivu kama sisi. Ndiyo maana walikuwa wanaimba."

Darasa likacheka. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu akanigeukia: "Haya, una jibu?" Sikuwa nalo. Nikaambiwa nilete kwa maandishi, kurasa kumi, wiki tatu.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu si dogo. Kwetu tunahesabu wazee wetu kwa safari zao za pwani, fulani alikwenda mara mbili, fulani mara tano, fulani hakurudi. Sasa mtu akikwambia hawakuumia, ni kama anakwambia hawakufanya kitu.

Bahati nzuri likizo fupi ilikuwa imefika. Nikapanda zangu treni, Tabora. Kesho yake nikaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la Livingstone. Aibu yangu naisema hapa: nimezaliwa Tabora na hiyo ilikuwa mara yangu ya pili tu kufika, ya kwanza tulipelekwa na shule nikiwa darasa la nne na ninachokumbuka ni maembe. Nikamkuta mzee mmoja, shikamoo, marahaba, akanizungusha. Hapa alikaa Stanley, hapa alilala Livingstone. Walifika pamoja kutoka Ujiji Februari 1872. Stanley akaondoka kuelekea pwani tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki pale kusubiri wapagazi wapya mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi amekaa anasubiri mabega ya watu. Hilo mwalimu wangu wa darasa la nne hakulisema hivyo.

Nikiwa pale ndipo nikakumbuka mkono wake.

Wengi mnaijua hadithi hii nusu. Februari 1844, miaka karibu 30 kabla ya Kwihara, Livingstone alikuwa Mabotsa, ambako leo ni Afrika Kusini. Simba walikuwa wanaua ng'ombe, wanakijiji wakatoka kuwinda, naye akaenda. Akampiga simba risasi, na alipokuwa anashindilia bunduki tena simba akamrukia, akamkamata bega, akamtikisa kama mbwa anavyotikisa panya. Mfupa wa mkono wa juu wa kushoto ukavunjika vipande, na meno yakaacha alama 11. Sasa cha ajabu ndicho hiki: katika kitabu chake kilichotoka 1857 anasema hakusikia maumivu wala woga. Alikuwa macho kabisa, anaona kila kitu, lakini kama mtu aliye kwenye ndoto. Akafikiri huenda kila mnyama anayekamatwa na simba huwa hivyo, na kwamba ni huruma ya Mungu kupunguza uchungu wa kufa. Watu wanaoandika kuhusu maumivu wamekuwa wakiirudia hadithi hiyo mpaka leo.

Ule mfupa haukuunga sawasawa, ukaacha kama kiungo cha uongo. Ndio uliomtambulisha. Mwili wake ulipofika London mwaka 1874 daktari William Fergusson aliupapasa mkono wa kushoto, akakuta mahali pa kuvunjika, akasema ni yeye.

Lakini nilipoisoma upya hadithi hiyo usiku ule nyumbani, nikaona kitu. Simba hakumwacha Livingstone hivi hivi. Alimwacha kwa sababu mtu aliyeitwa Mebalwe, mwalimu mwenyeji wa kule, alijaribu kumpiga risasi. Simba akamrukia Mebalwe akamng'ata paja. Mtu wa tatu akaja na mkuki, akang'atwa bega. Ndipo simba akaanguka, zile risasi za mwanzo zikamshinda. Watu watatu, simba mmoja, mchana mmoja. Ya mmoja tunayajua mpaka ndani ya kichwa chake. Ya Mebalwe tunaambiwa paja. Yule wa tatu hata jina hana.

Nikasema haya, shikilia hapo.

Sasa mchukue Speke. Huyu na Burton walifika Tabora, enzi hizo wakiita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa vizuri na Snay bin Amir. Wakaendelea hadi Ujiji. Machi 1858 Speke akiwa kisiwani Ziwa Tanganyika, dhoruba ikavuruga hema, akawasha mshumaa, wadudu wakajaa. Usiku akiwa amelala mdudu mmoja mweusi mdogo akaingia sikioni. Akaanza kuchimba. Speke anaeleza maumivu ambayo hajawahi kuyaona. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, wapi. Mwishowe akachukua kisu cha mfukoni akachokonoa. Mdudu akafa, ila sikio nalo likaumia, likavimba likatunga usaha, uso ukapinda, akashindwa kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Miezi kadhaa baadaye bado vipande vya mdudu vilikuwa vinatoka na nta.

Kwa hiyo barabara ni ileile, vitabu ni vya miaka ileile, na tuna Mzungu mmoja aliyetafunwa na simba akasema hakuumia, na mwingine aliyeingiliwa na mdudu wa ukubwa wa punje ya choroko akasema karibu afe. Ukubwa wa jeraha haukuambii ukubwa wa maumivu. Hapo ndipo historia ikanikwamia na nikalazimika kumwamsha rumumeti wangu, ambaye anasoma udaktari na analala kama gogo.

"Bwana wee," akaniambia, "hiyo ni endofini tu, hebu niache."

Nikamwambia huniachi na neno moja, nieleze. Akanieleza, na mengine nikayatafuta maktaba mwenyewe, naomba niwapitishe haraka.

Afyuni, ule utomvu wa ua la popi, watu wanaujua maelfu ya miaka, na mofini hutoka humo. Swali lilikuwa: inafanyaje kazi? Mwaka 1972 pale Johns Hopkins, Baltimore, kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari wa falsafa aitwaye Candace Pert, miaka 26, chini ya profesa Solomon Snyder. Kabla ya hapo alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi akaumia mgongo, akalazwa, akapewa dawa za jamii hiyo ya afyuni, kwa hiyo alijua mwilini mwake anachokitafuta. Alitumia naloksoni iliyotiwa mionzi ili aone inashika wapi kwenye ubongo uliosagwa. Ikashika. Matokeo yakachapishwa Machi 1973: ubongo una vipokezi, yaani kama vitasa vya mlango, ambavyo mofini inaingia kama ufunguo. Mwaka huohuo Eric Simon kule New York na Lars Terenius kule Uppsala, Sweden, nao wakafika hapohapo kwa njia zao.

Naloksoni muikumbuke, tutaihitaji. Ni ufunguo unaoingia kitasani lakini hauzungushi. Unakaa pale tu, na ukikaa, mofini haipati nafasi.

Sasa fikirini kidogo. Kwa nini ubongo wa mtu wa Baltimore, au wa Urambo, uwe na kitasa cha ua la popi? Lazima mwili una ufunguo wake. Aliyeutafuta ni mzee Hans Kosterlitz, mzaliwa wa Berlin 1903, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akafika Aberdeen, Scotland, mwaka 1934. Huyu mzee nampenda. Mwaka 1973, wakati wenzake wa miaka 70 wanapewa saa ya ukutani na kuagwa, yeye alianzisha kitengo kipya cha utafiti. Kijana wake John Hughes alikuwa anaamka alfajiri na baiskeli kwenda machinjioni kuchukua vichwa vya nguruwe, na inasemekana chupa ya wiski ilikuwa inasaidia mazungumzo na wachinjaji. (Kumbe huko nako.) Mwaka 1975 wakatangaza: wamepata vitu viwili vidogo kwenye ubongo, kila kimoja asidi amino tano tu zilizoungana. Wakaviita enkefalini, kwa maana ya cha kichwani. Hizi ndizo nyuropeptidi za kwanza za jamii hiyo kujulikana, vipande vifupi vya protini ambavyo neva hutumia kupelekeana habari.

Mwaka uliofuata, 1976, Choh Hao Li na David Chung kule California wakapata nyingine ndefu zaidi, asidi amino 31, wakaitoa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa ngamia. Ngamia! Nilicheka peke yangu maktaba mpaka dada wa kaunta akanikata jicho. Maana msafara wetu wa Tabora haukuwa na ngamia. Mbung'o hawakuruhusu, ng'ombe, punda, farasi wote wanakufa porini kwa ndorobo, ndiyo maana ikabidi mtu awe ndiye ngamia.

(Pert, mkitaka kujua, mwaka 1978 tuzo ya Lasker ilipotolewa kwa kazi hii walipewa Snyder, Hughes na Kosterlitz. Yeye hakuwamo, na hakunyamaza. Akaendelea na peptidi na vipokezi mpaka alipofariki 2013. Wanafunzi mnaofanya kazi ya maprofesa, soma hapo.)

Jambo moja zaidi halafu turudi nyumbani. Mwaka huohuo wa 1978, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walichapisha utafiti wa watu waliong'olewa meno ya magego. Walipewa dawa bandia, isiyo na kitu, na baadhi wakapata nafuu. Walipopewa naloksoni, maumivu yakarudi juu. Maana yake ile nafuu haikuwa ya kujisingizia. Mwili ulikuwa umejitolea dawa yake yenyewe, na naloksoni ikaizuia.

Kwa Livingstone hatuwezi kuthibitisha, hakuna aliyekuwa na naloksoni 1844. Na rumumeti wangu alisisitiza niandike hivi: mwili una njia zaidi ya moja za kuzima maumivu wakati wa hatari, nyingine hazipiti kwenye vipokezi hivyo kabisa. Nimeandika. Lakini angalau tunajua kilichomtokea mdomoni mwa simba kinaweza kutokea kwa mtu yeyote mwenye ubongo.

Basi nikafika kwenye nyimbo. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia: wakipiga pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko wakipiga peke yao, ingawa kazi ni ileile. Mwaka 2012 Robin Dunbar na wenzake wakaonyesha kwamba kuimba, kucheza na kupiga ngoma kunapandisha uvumilivu wa maumivu, na kusikiliza tu muziki hakufanyi hivyo. Wao wanadhani ni endofini. Nikawaza kirangozi mbele na bendera, ngoma, watu mia mbili wanaitikia kwa mwendo mmoja, mguu kwa mguu, kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Nikafurahi. Halafu nikanywea.

Kwa sababu hapo si nimempa jamaa ushindi? Yeye alisema waliimba kwa sababu hawakuumia. Mimi nimekuja na ushahidi wa maabara kwamba kuimba kunapunguza maumivu. Nilikaa na hilo siku mbili nzima, nikala ugali wa mama bila kujua ninachokula.

Aliyenitoa hapo ni profesa wa Nairobi.

Anaitwa Titus Kanui, na kwa miaka mingi pale Chuo Kikuu cha Nairobi kazi yake imekuwa maumivu. Kwa kifupi: wanyama wa kwetu, vipokezi vya mofini, na swali la unajuaje kama kiumbe kinaumia kama hakilii. Alifanya kazi kwa karibu na Kjell Hole wa Bergen, Norway. Nilianza na makala zake za mwaka 1990 na sikulala.

Ya kwanza ilikuwa ya mamba. Nani anamhurumia mamba? Kanui, Hole na Miaron walitaka kujua kama mamba anasikia maumivu na unampimaje. Wakatumia joto, wakatumia kiini cha ukali wa pilipili, wakatumia fomalini. Akasikia. Miaka miwili baadaye, 1992, Kanui na Hole wakaonyesha kwamba mofini na pethidini zinampunguzia. Kwa hiyo vitasa vilevile vya Baltimore vinafanya kazi ndani ya mamba.

Kisha yule fuko asiye na manyoya. Anaishi Kenya, Ethiopia na Somalia, chini ya ardhi, sura kama kidole kilicholowekwa maji kikaota meno. Mwaka 1990 hao wawili wakampa mofini wakampima kwa joto, na ikatokea kinyume: maumivu hayakupungua, na wanyama wakawa wakali. Wengi wangesema fuko huyu ubongo wake hauna mfumo huo, funga kitabu. Kanui hakufunga. Mwaka 1993 na wenzake Karim na Towett wakabadilisha kipimo, badala ya joto wakatumia fomalini, na sasa mofini ikafanya kazi. Mnyama yuleyule, dawa ileile, jibu tofauti kwa sababu umeuliza kwa njia tofauti. Mwaka 2006 Towett, Kanui na Juma wakalichambua kwa aina za vipokezi, maana viko vya aina tatu kubwa, myu, delta na kapa. Kwenye kipimo cha joto wakaona ukiamsha myu na delta fuko anaumia zaidi, ukiamsha kapa anapata nafuu. Miaka 16 kwenye swali moja. Mimi kurasa kumi tu nalia.

Fuko huyohuyo baadaye akawa maarufu duniani. Mwaka 2008 Thomas Park wa Chicago, Gary Lewin wa Berlin na wenzao walieleza kwamba ngozi yake haisikii ukali wa pilipili wala asidi, na neva zile za ngozi hazina peptidi iitwayo P, ambayo iligunduliwa 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum. Wakamrudishia kwa njia ya jeni, na pilipili ikaanza kumuuma. Magazeti yakaandika mnyama asiyesikia maumivu. Si kweli kwa ujumla hivyo, ukimbana anasikia, na Nairobi walishaonyesha miaka mingi nyuma kwamba joto na fomalini vinamuuma. Ila habari ya "hasikii" huwa inauzika kuliko habari ya "inategemea umeulizaje".

Na sasa kaa vizuri. Mwaka 2010 Wambugu, Towett, Kiama, Abelson na Kanui walichapisha utafiti wa kobe. Siyo kobe yeyote. Jina lake la kisayansi ni Kinixys spekii, aliyepewa jina mwaka 1863 na John Edward Gray wa jumba la makumbusho la Uingereza. Spekii kwa heshima ya Speke. Speke yuleyule! Aliyelala Kazeh, aliyeingiwa na mdudu sikioni. Kobe wetu huyu wa maporini, mwenye gamba lenye bawaba kwa nyuma.

Kobe halii. Hana uso wa kukunja. Hakimbii. Ukitaka mnyama wa kumwambia "huyu amezoea", ndiye. Walichofanya ni kumchoma fomalini kidogo kwenye mguu na kuhesabu muda anaouvuta ndani ya gamba. Basi, hicho tu, kuvuta mguu. (Najua mtasema masikini kobe, hata mimi nilisema.) Wakampa mofini au pethidini, muda ukapungua sana. Wakampa na naloksoni, ukarudi.

Nilisoma mara tatu. Ule mguu uliovutwa ndiyo kauli yake. Ukakamavu wa kobe ulikuwa umeficha maumivu, na aliyekuwa hajui ni mtazamaji.

Na hapo hoja ya nyimbo ikanyooka yenyewe. Mwili hautoi endofini kwa sababu hakuna maumivu. Unatoa kwa sababu yapo. Ukisema "waliimba, kwa hiyo hawakuumia" ni kama kusema fulani amemeza dawa ya kichwa, kwa hiyo kichwa hakikumuuma. Jamaa alikuwa ameishika hoja kwa mkia.

Lakini bado nilihitaji mguu wa kobe, yaani ishara ya wapagazi wenyewe, maana mwalimu ni wa historia na hataki fuko. Vitabu vya wasafiri vimejaa homa zao wenyewe, Burton miguu yake ilivyokufa ganzi, Speke macho yake na sikio lake. Wapagazi wamo kama idadi, na kama kero: wametoroka, wamegoma, wametua mizigo, wamekataa kuamka. Nilikuwa nimeyasoma hayo mara nyingi kama malalamiko ya Wazungu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi hawa, anayasoma kama lugha ya wafanyakazi wanaojua thamani yao: uzito wa mzigo ulikuwa na desturi yake, mwendo wa siku ulikuwa na desturi yake, posho ilikuwa na desturi yake, na ukivuka watu wanatua. Basi nikarudi kwenye vitabu vilevile na macho mengine. Kila "wametua mizigo" nikaandika pembeni kwa penseli: mguu. Kila "wametoroka usiku": mguu. Kila ugomvi wa mizani asubuhi ya kuondoka: mguu. Kitabu kimoja tu pembeni kukajaa.

Mtu asiyesikia uzito hagombani kwenye mizani.

Kurasa zangu za mwisho niliwapa wale wa Oktoba 1873. Livingstone alifia Chitambo, ambako leo ni Zambia, mapema Mei mwaka ule. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake pale, wakaukausha mwili juani, wakaubeba. Oktoba wakafika Tabora. Wakamkuta Luteni Cameron, akawashauri wamzike palepale, njia mbele ni mbaya. Wakakataa. Mbele kidogo ya Tabora, kwa kuwa watu wa vijiji hawakutaka maiti ipite, wakaifunga upya ionekane kama robota la kitambaa, mzigo wa kawaida kabisa, wakaendelea. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Wakalipwa ujira wao na kazi ikaishia hapo. Kule London daktari aliupapasa mkono wa aliyebebwa. Mabega ya waliombeba hakuna aliyeyapapasa.

Nilipeleka kazi siku ya mwisho, saa kumi kasoro dakika tano, nikiwa natoka jasho. Imerudi juzi. B+. Pembeni ya ukurasa wa saba mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Kobe amefikaje kwenye msafara?" Halafu chini, kwa maandishi madogo: "Lete hoja hii semina ijayo, dakika kumi na tano."

Jamaa nimempa asome. Kairudisha leo asubuhi bila neno, ila ameuliza kama Mebalwe alipona lile paja. Nimemwambia nitatafuta. Elfu tano yake hajaisahau.